Simba wa Vuga na Mbwa Mwitu wa Mchezoni

Mhusika anayegeuka mnyama ni mkongwe katika fasihi simulizi ya karibu kila taifa. Wazee wetu walimjua. Walimsimulia jioni, moto ukiwa umekokwa, na aghalabu walimsimulia kwa sauti ya chini, kwa sababu hawakuwa na hakika kama yumo hadithini tu au yuko nje ya mlango pia. Siku hizi mhusika huyu amepata makao mapya. Vijana wengi wa shule za sekondari hukutana naye kwanza katika michezo ya video inayochezwa kwenye kompyuta na simu, na baadhi yao katika ile michezo ya mezani ambamo kila mchezaji huchukua nafsi ya mhusika, huziandika sifa zake katika karatasi, kisha huamua bahati yake kwa kutupa kete.

Wako walimu watakaotuuliza kama jambo hili nalo linastahili kuhakikiwa. Sisi tunaona kuwa linastahili. Mchezo wa namna hii una wahusika, una mandhari, una mgogoro; kwa kifupi una fani na una maudhui. Tena unacho kitu kimoja ambacho riwaya na tamthilia hazina, nacho ni kanuni. Riwaya yaweza kutuambia kwamba kuua ni kubaya, nasi tukaisadiki. Mchezo ukituambia hivyo hivyo, huku kanuni zake zikimwongezea mchezaji nguvu kila anapoua, mchezaji atasadiki kanuni na kuyapuuza maneno. Kwa hiyo mhakiki hana budi kuuliza: mhusika anapogeuka mnyama, kanuni zinamlipa nini? Zinamtoza nini? Na je, ni nani anayemtazama? Swali hili la tatu ndilo tutakaloling'ang'ania zaidi, kwani hapo ndipo hadithi ya milima ya Usambara inapoachana na michezo ya kigeni.

Kwanza tuseme neno juu ya jina. Wazungu husimulia habari za mtu anayegeuka kuwa mnyama ambaye kamusi zetu humwita mbwa mwitu. Lakini mnyama huyo wa Ulaya hayuko kwetu. Mbwa mwitu wa nchi yetu ni mwingine kabisa, mwenye madoadoa na masikio ya mviringo. Mtu akishuka kutoka Lushoto hadi Mombo, akashika njia ya kwenda Mkomazi, anakaribia mahali ambapo mbwa hao walirudishwa porini baada ya kupungua mno. Hao wakitoka mawindoni huwatapikia nyama watoto na wenzao waliobaki nyuma. Kijana wa Soni au Mlalo akisikia habari za mtu aliyegeuka mbwa mwitu, akili yake haina budi kuchagua kati ya mnyama asiyepata kumwona na mnyama ambaye tabia yake ni kugawana chakula. Jina limevuka bahari, picha imebaki ng'ambo. Jambo hili ni dogo, lakini litatusaidia mbele.

Huko Ulaya kwenyewe habari hii haikuanza kama mchezo. Mwaka 1589, katika mji wa Bedburg nchini Ujerumani, mkulima mmoja aitwaye Peter Stumpp aliuawa hadharani kwa mateso makubwa, baada ya kushtakiwa kwamba alikuwa akijigeuza mbwa mwitu na kula watu. Alikiri, kama walivyokiri wengi waliotishwa kwa vyombo vya mateso. Hakuwa peke yake katika zama zile. Ilipita miaka mingi kabla mahakama hazijaacha kusikiliza kesi za aina hiyo. Ndipo mhusika akahamia vitabuni, na kutoka vitabuni akaingia sinema. Filamu iitwayo The Wolf Man, iliyotolewa Marekani mwaka 1941, ilieneza mno ile imani kwamba anayeumwa naye hugeuka, na kwamba fedha ndiyo silaha ya kumwua. Vijana wengi hudhani kuwa mambo hayo yote ni mapokeo ya kale. Mengi yameenezwa na sinema.

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotolewa Marekani mwaka 1974, ambao ndio mama wa michezo yote ya kuigiza nafsi, mtu anayegeuka mbwa mwitu alikuwamo tayari, akiwa mmoja tu katika orodha ndefu ya madubwana ya kuuawa. Hatuna mengi ya kusema juu yake pale. Ni adui, ana hesabu ya nguvu zake, basi. Mabadiliko makubwa yalikuja pale mchezaji mwenyewe alipopewa ngozi ile aivae.

Mfano mzuri ni mchezo wa video uitwao Skyrim, uliotolewa na kampuni ya Bethesda mwaka 2011. Katika mji wa kubuniwa wa Whiterun liko kundi la mashujaa waitwao Companions, na wakuu wao wa ndani wana damu ya mnyama. Mzee wao, Kodlak, anaiona hali hiyo kuwa laana. Anahofia kwamba akifa nayo roho yake itachukuliwa hadi kwenye mawindo yasiyo na mwisho ya Hircine, bwana wa wawindaji, wala haitafika Sovngarde waliko mashujaa wa ukoo wake. Aela, mwindaji wa kike, anaiona kuwa neema tupu. Mchezaji hunywa damu ya Aela na kugeuka.

Tunakiri kwamba hapa pana mgogoro wa kweli. Mzee anataka kuzikwa na watu wake. Aliye bado na nguvu anataka kukimbia usiku. Mwandishi yeyote wa tamthilia angefurahi kuwapata wahusika wawili kama hao. Lakini tazama kanuni zinavyouvunja mgogoro huo. Mchezaji hugeuka apendapo, mara moja kwa siku. Akigeuka hupata makucha na nguvu. Akila maiti muda wake wa kuwa mnyama huongezeka. Akigeuka mbele ya watu huhesabiwa mhalifu, na faini ikilipwa mambo yamekwisha. Hofu ya Kodlak inabaki kuwa maneno ya Kodlak. Haimzuii mchezaji hatua moja. Hatimaye mchezaji anaweza kujiponya akitaka, au akaacha. Na wengi, tunadhani, huacha, kwa kuwa kanuni imewafundisha kwamba unyama ni chombo kizuri cha vita.

Mchezo wa mezani wa Werewolf: The Apocalypse, uliotolewa na kampuni ya White Wolf mwaka 1992, una shabaha ya juu zaidi. Humo wachezaji wote ni watu-wanyama, na wamepewa kazi ya kuitetea dunia, iitwayo Gaia, dhidi ya uchafu, tamaa na viwanda vinavyoiangamiza. Ghadhabu yao ni hesabu inayoandikwa karatasini: ikizidi wanaweza kuwararua hata wenzao. Huu ni ubunifu ambao hatuwezi kuubeza, kwani hapa kanuni na maudhui vinavuta upande mmoja. Hata hivyo imo kanuni nyingine inayotusumbua. Mtu wa kawaida akimwona mmoja wao katika umbo la vita, hupagawa. Na akili zikimrudia husahau alichokiona, au hujidanganya kwamba kilikuwa kitu kingine. Bila shaka watunzi walihitaji hila hiyo ili kueleza kwa nini ulimwengu haujui habari za mashujaa wao. Lakini matokeo yake ni kwamba watu wanaotetewa hawana kauli. Nchi inapiganiwa juu ya vichwa vyao usiku, na asubuhi hawakumbuki. Hawawezi kumshukuru mtetezi, wala hawawezi kumshtaki.

Vitabu vya nyongeza vya mchezo huo, vilivyotoka katika miaka ya 1990, vilileta pia watu wanaogeuka paka wakubwa, na humo Afrika ikapata nafasi. Wanaogeuka simba wameitwa Simba. Wanaogeuka duma wameitwa Swara. Msomaji wetu atacheka, na ana haki. Swara, au swala kama wengi tusemavyo, ni mnyama anayeliwa na duma. Mtunzi aliokota neno la Kiswahili kwa sababu ya utamu wa sauti yake, akampa mla jina la mliwa. Kosa la namna hiyo halikutupata sisi tu. Mchezo huo huo uliwapa baadhi ya watu-mbwa-mwitu wake jina la Wendigo, ambalo ni jina zito katika imani za wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, na toleo la mwaka 2023 likaliondoa. Kwa hiyo wenye kazi hizi husikia wanapoambiwa, maadamu yuko wa kuwaambia.

Lakini jina lile la kwanza, Simba, haliwezi kusahihishwa kwa kalamu nyekundu tu, kwa kuwa hapa Tanzania liko mahali ambapo mtu aliitwa Simba kwa miaka zaidi ya mia mbili, na jina hilo lilikuwa na kanuni zake. Mahali hapo ni Vuga, katika Usambara ya Magharibi.

Hadithi ya Mbegha inajulikana kwa wanafunzi wengi wa mkoa wa Tanga, ingawa si wote wameisoma. Iliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'l Ajjemy, mtu aliyewatumikia watawala wa Kilindi na baadaye akawa liwali wa Tanga. Kazi yake, Habari za Wakilindi, ilichapwa kwanza na wamisionari wa Magila kwa sehemu, na ikatolewa tena mwaka 1962 chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Kando ya kitabu hicho yako masimulizi ya wazee wa Kisambaa ambayo mwanahistoria Steven Feierman aliyakusanya na kuyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1974. Masimulizi hayo yanatofautiana hapa na pale, lakini mifupa yake ni mmoja.

Mbegha alizaliwa Nguu, naye alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini. Katika makabila mengi ya pwani na ya bara mtoto wa namna hiyo alihesabiwa nuksi, na mara nyingi aliuawa. Mbegha alinusurika. Alipokua ndugu zake wakamnyima urithi kwa hoja ya meno yale yale, naye akashika mkuki na mbwa wake wa kuwindia, akaenda porini. Aliishi Kilindi, akapendwa. Kisha mtoto wa mkubwa wa huko akafa mawindoni akiwa naye, ikambidi akimbie tena. Ndipo alipopanda milima ya Usambara, akiwinda nguruwe mwitu na kula nyama. Watu wakauona moshi wa moto wake. Wakamwendea kwa hadhari. Akawapa nyama, nao wakampa vyakula vya mashamba. Akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao. Akapewa mke. Wakamsikia watu wa Vuga, wakamtaka. Na usiku, katika habari hizi za kwenda Vuga, akamwua simba. Watu walipoiona kazi ile wakamtukuza kwa jina la simba. Tangu hapo mfalme wa Usambara akaitwa Simba Mwene.

Tuisome hadithi hii kwa macho ya mtu anayetunga mchezo. Jambo la kwanza tunaloliona ni kwamba Mbegha hageuki. Haoti manyoya, haoti mkia, wala mwezi hauna kazi. Hata hivyo kugeuka kumejaa hadithi nzima, ila hakutokei katika mwili wake. Kunatokea vinywani mwa watu. Ndugu zake walimgeuza nuksi kwa neno moja, kigego. Na watu wa Vuga walimgeuza simba kwa neno jingine. Meno yalikuwa yale yale. Kama tungetaka kumtafuta mtu wa laana katika fasihi yetu, tunaye hapa, tena mwenye alama mwilini kama watakavyo watunzi wa kigeni; lakini hadithi inatuonyesha wazi kwamba laana ile iliwafaa waliogawana mali.

Jambo la pili ni ile nyama. Feierman ameeleza vizuri jinsi hadithi inavyojengwa juu ya kubadilishana: nyama kwa chakula cha shamba, pori kwa kijiji. Mtu wa porini anaingia kijijini kwa mlango wa kutoa. Katika Skyrim anayegeuka mnyama hula ili aendelee kuwa mnyama. Katika Usambara aliye karibu na wanyama hulisha, na kwa kulisha anakuwa mtu, kisha mfalme. Kanuni hizi mbili hazipatani hata kidogo, na hatudhani kwamba mtunzi anaweza kuichukua moja na kuivisha ngozi ya nyingine.

La tatu, na hili ndilo tulilolingoja, ni watazamaji. Simba wa Vuga aliuawa usiku, lakini hadithi haiishii usiku. Kukicha watu wanauona mzoga, wanasema, wanampa mtu jina. Hakuna aliyepagawa, hakuna aliyesahau. Na kwa kuwa jina limetoka kwao, wamebaki na haki ya kulipima. Wasambaa wana misemo miwili juu ya jambo hili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu zisizo na mpinzani huiponya nchi: mvua hunyesha kwa wakati na mashamba hujaa. Nguvu hizo hizo zikigombaniwa, au zikielekezwa kwa watu, nchi huharibika. Kwa hiyo simba ni yule yule katika hali mbili, na anayeamua yumo katika hali gani ni mwenye jembe, kwa kulitazama shamba lake.

Hapa yatupasa tujihadhari tusije tukageuka washairi wa ikulu. Habari za Wakilindi ni kitabu kilichoandikwa na mtu aliyekula pamoja na Wakilindi, na jina la simba ni jina linalompendeza mtawala. Simba pia hula watu. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kwa sifa kubwa, alikufa mwaka 1862, na baada yake watoto na wajukuu wake wakapigana. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya milima, mahali ambapo misafara ilipita na bunduki zilipatikana. Na katika vita vile raia wengi waliuzwa utumwani. Simba walikuwa wengi mno katika nchi moja. Wasambaa waliozisimulia habari hizo kwa Feierman hawakusema kwamba Wakilindi waliacha kuwa simba. Walisema nchi imebanwa.

Na kipimo hicho hakikufa na ufalme wa kale. Wakoloni wa Kiingereza walipoanzisha mpango wao wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ulioanza bonde la Mlalo mwaka 1946, wakawalazimisha wakulima kujenga matuta katika miteremko kwa kazi nyingi na faida wasiyoiona, wakulima waliupinga kwa miaka kadhaa hadi ukaachwa. Katika ubishi ule, watawala wa jadi waliousimamia mpango walipimwa kwa mizani ile ile ya kuiponya na kuiharibu nchi. Uchifu ulifutwa baada ya Uhuru, na leo neno Simba huwaleta wengi wetu kwenye mpira kuliko kwenye enzi. Mashabiki hulipigia kelele uwanjani na hakuna anayehofia kwamba watang'oa makucha. Lakini mizani ya Mlalo ilikuwa kanuni kamili: ina nguvu, ina gharama, ina waamuzi.

Lau hadithi zetu zote zingekuwa za namna hiyo, kazi ya mhakiki ingekuwa nyepesi. Haziko hivyo. Huko Singida, miaka ya 1920 na tena kwa ukali zaidi miaka ya 1946 na 1947, watu waliuawa na miili yao ikaonekana imeraruliwa kama kwa makucha. Wanyaturu walisema juu ya mbojo, watu-simba. Ilisemekana kwamba wachawi huwaficha vijana, huwavisha ngozi za simba, huwafisha akili na kuwakodisha kwa wenye visasi. Serikali ya kikoloni iliwakamata watu, ikawashtaki, na wako walionyongwa. Njombe nako, katika miaka ya 1930 na 1940, simba halisi waliua mamia ya watu kabla ya bwana nyama George Rushby kufanikiwa kuwaua; na Rushby mwenyewe alieleza jinsi wananchi walivyoamini kwamba simba wale walitumwa na jumbe mmoja aliyeondolewa madarakani.

Tunawaomba walimu wasiyapite mambo haya haraka. Tazama mbojo alivyo tofauti na mhusika wa mchezo wa video. Mchezaji anapogeuka, nia ni yake na mwili ni wake. Mbojo hana nia. Ni kijana maskini aliyenyang'anywa akili na kufanywa silaha ya mtu mwingine, na malipo huenda kwa mwenye kumkodisha. Sisi tunaona kuwa hii ni picha kali ya unyonyaji kuliko nyingi zilizoandikwa makusudi. Na jumbe wa Njombe, awe alikuwa na hatia au hakuwa nayo, anarudisha lile la Usambara kwa upande wa pili: mwenye cheo amevuliwa cheo, na unyama ukaonekana kutoka porini. Kila mahali kwetu, mtu anapoitwa mnyama, ukichimba kidogo utakuta ugomvi juu ya nani ana nguvu na anazitumia kwa faida ya nani.

Lakini pia tazama hatari. Peter Stumpp alikufa mwaka 1589. Wanyaturu walionyongwa walikufa wazee wengi wanaosoma maneno haya wakiwa wamekwisha zaliwa. Na katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa katika miaka yetu hii kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo macho yamewekundika kwa moshi wa kuni walizopikia familia zao. Wazungu walipata muda mrefu wa kumwondoa mtu-mnyama mahakamani kabla ya kumweka mchezoni. Sisi tumeletewa mchezo kabla mashtaka hayajaisha vijijini. Ndiyo maana hatuwezi kusema, kama wasemavyo wengine, kwamba huu ni mchezo tu. Wala hatuwezi kuupiga marufuku, kwa kuwa aliyezuiwa kucheza hajazuiwa kuamini.

Upo mchezo mmoja ambao, kwa maoni yetu, unalijua jambo hili kuliko ile yote yenye picha za kupendeza. Hauhitaji umeme. Ulibuniwa mwaka 1986 na Dimitry Davidoff, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moscow, kwa jina la Mafia. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin akaugeuza kuwa habari ya kijiji chenye mbwa mwitu waliojificha miongoni mwa watu. Wachezaji huketi duara. Wachache wamepewa kwa siri nafsi ya mbwa mwitu, waliobaki ni wanakijiji. Usiku, wote wakiwa wamefumba macho, mbwa mwitu huchagua wa kumwua. Mchana kijiji hujadili, hushuku, hupiga kura, na aliyepata kura nyingi huondolewa kwa nguvu ya wote. Kisha hufunuliwa alikuwa nani.

Aghalabu alikuwa mwanakijiji. Kanuni imepangwa hivyo: wenye siri wanajuana, wasio na siri hawajuani, na hofu huwafanya wamkamate aliyenyamaza mno, au aliyesema mno, au aliyecheka. Hapa mnyama hana makucha wala manyoya. Yuko katika neno linalotupwa kutoka upande mmoja wa duara hadi mwingine. Mwalimu akiuchezesha darasani kwa nusu saa, kisha akawauliza wanafunzi ni kwa ushahidi gani walimwondoa wa kwanza, watakuwa wameisoma Singida na Bedburg kwa wakati mmoja. Kasoro yake ni kwamba ndani ya mchezo mbwa mwitu yuko kweli, hivyo mshtaki hujitetea kwamba alikosea mtu tu, kuwinda hakukosea. Tungependa kuona duara ambalo kadi zote zilizogawiwa ni za wanakijiji, na hakuna aliyeambiwa.

Vijana wetu wameanza kujifunza kutengeneza michezo, na hawatakosa kuzitazama hadithi za kwao. Tunaogopa njia ya mkato: kuchukua mchezo wa kigeni uliokwisha tungwa, kumvua mhusika ngozi ya mbwa mwitu, kumvisha ya simba, kuweka nyuma yake picha ya msitu wa Magamba wenye ukungu na jabali la Irente, kisha kuuita utamaduni wa taifa. Huo utakuwa Swara mwingine, mara hii kwa mikono yetu. Kinachotakiwa ni kanuni. Nguvu za mhusika zipande na kushuka kwa hali ya mashamba ya watu wengine. Wanakijiji wawe na kauli, tena kauli inayomvua cheo. Na mchezaji asijue tangu mwanzo kama jina alilopewa ni heshima au ni mashtaka.

Jaribio la kuanzia ni rahisi, nalo tunawaachia walimu. Ichukuliwe ile karatasi ya mhusika itumikayo katika michezo ya mezani, yenye safu ya uwezo upande mmoja na safu ya udhaifu upande mwingine, na wanafunzi waambiwe wamjaze humo Mbegha: mbwa wake, mkuki wake, nyama aliyoigawa, urithi alionyimwa, jina la simba. Mengi watayaweka bila ubishi. Wakifika kwenye yale meno ya juu, wataulizana yaandikwe safu ipi. Na hatutashangaa kama wanafunzi wa Bumbuli hawatakubaliana na wale wa Mlalo, au kama yuko mmoja, aliyemsikia bibi yake akinong'onezwa jina kama hilo, atakayekataa kuyaandika popote.